Mumeo ana yaliyopita aliyokuficha? Mwongozo kamili kwa mke wa Mtwara na Lindi

Huku kwetu kusini siri ya mume mara nyingi hufichuka msibani. Turubai limefungwa, wanawake wameketi kwenye mikeka, anaingia mama usiyemjua na watoto wawili, mmoja kachukua sura ya marehemu waziwazi, na wazee wa ukoo wanampisha akae na wafiwa bila kumuuliza kitu. Wao walijua. Hukujua wewe tu. Na baada ya arobaini utatakiwa kuzungumzia mirathi, nyumba na shamba la mikorosho na mtu ambaye hata jina lake hujalishika vizuri, wakati mwenye majibu keshazikwa.

Mwongozo huu ni wa mke ambaye mumewe yu hai na bado anaweza kuulizwa. Nauandika kwa sababu wanawake wengi huanzia pabaya: kwenye simu ya mume usiku wa manane, kwa jirani, au kwa mganga. Kinachookoa ni mpangilio. Anza na karatasi, kisha mtu mmoja au wawili wenye kujua, kisha mume mwenyewe, na usikawie sana katikati, maana habari ikizunguka mtaani itamfikia kabla yako na utamkuta ameshapanga maneno.

Andika unachohofia

Ng'oa karatasi kwenye daftari, andika hofu yako kwa sentensi kamili. "Nahisi ana mke mwingine Liwale." "Nahisi yule kijana anayempigia ni mwanawe." Usiandike "nahisi ananificha kitu", kwa sababu hilo halina pa kuanzia.

Yaliyofichwa hayana uzito mmoja. Kijana aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi, Kilwa au Songosongo kabla hajakujua, akazaa huko, ana maelezo ya kukupa na mtoto wa kumtunza. Mwanamume aliyefunga ndoa Nachingwea, akaondoka bila kuivunja, akaja kukuoa wewe Mtwara mjini, huyo ameigusa ndoa yako yenyewe. Na anayelipa kodi ya chumba cha mwanamke Dar es Salaam mpaka mwezi huu, hayo hayajapita. Ni mambo ya leo na yanataka kushughulikiwa kama mambo ya leo. Ukijua liko fungu gani, utajua pia hasira yako uielekeze wapi.

Soma cheti chako cha ndoa

Kitoe kabatini. Ukiwa nacho mkononi, tazama kwanza aina ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi. Ya Kikristo ni ya mke mmoja. Ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Ya serikali hutegemea mlivyotamka siku hiyo. Mambo yote yatakayofuata yanasimama juu ya mstari huo mmoja, na wako wanawake walioolewa miaka mingi ambao hawajawahi kuusoma.

Kisha kumbuka mlivyotoa taarifa ya kusudio la kuoana. Sheria inataka itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, itaje hali ya kila mmoja wenu, na kama mwanamume anao wake, majina yao yawemo. Kama mumeo aliandika kwamba hajawahi kuoa na kumbe alikuwa na mke, alitoa taarifa ya uongo kwa msajili, na hilo ni kosa. Piga picha cheti, mpe nakala mtu unayemwamini, dada yako au shangazi. Fanya hivyo leo, kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kama hamna cheti, mmeishi tu, usidhani huna lolote. Mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, sheria inachukulia wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Hata ikithibitika vinginevyo, kwa mfano kwa kuwa yeye alikuwa na ndoa nyingine, bado una haki ya kuiomba mahakama matunzo yako na ya watoto. Kusanya ushahidi wa kuishi pamoja: barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba.

Nenda kwenye madaftari

Kumbukumbu za ndoa kitaifa ziko RITA, wakala wa serikali wa usajili, na wilayani ulizia katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Unaweza kuomba upekuzi wa daftari. Nenda na jina lake kamili, yote matatu, mwaka unaoukisia na wilaya. Jina ni tatizo kubwa huku: mtu anaitwa Hamisi nyumbani, Issa shuleni, na jina la jando analo pia. Uliza majina yote aliyowahi kutumia kabla hujaenda, la sivyo utarudi na jibu la "hayupo" lisilo na maana.

Kwa ndoa ya Kiislamu, ulizia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, ngazi ya wilaya. Lakini nikaha nyingi za vijijini zilifungwa na shehe wa msikiti bila kupelekwa kusajiliwa, kwa hiyo daftari likiwa tupu bado hujapata uhakika. Hapo unatafuta watu: nani alikuwa walii wa mwanamke, nani walikuwa mashahidi, mahari alipokea nani. Nikaha haikosi watu hao, na Ruangwa au Newala wanakumbuka.

Kwa Mkatoliki ipo njia nzuri ambayo wengi hawaijui. Mtu akifunga ndoa kanisani, taarifa hupelekwa parokia alikobatizwa na kuandikwa pembeni ya jina lake kwenye kitabu cha ubatizo. Ndiyo maana wachumba huagizwa kuleta cheti cha ubatizo kilichotolewa upya karibuni, na kile cha zamani hakikubaliki. Kama mumeo alibatizwa Ndanda na akafunga ndoa Songea, kitabu cha Ndanda kinatakiwa kionyeshe. Mwone paroko wako, mweleze shida, yeye ndiye atakayeandika kuuliza. Usiende wewe kugombana na katekista mlangoni.

Akikwambia "yule tuliachana", usiishie hapo. Kwa Waislamu, uliza talaka zilikuwa ngapi, nani alishuhudia, na eda iliisha lini, kwa sababu kwenye talaka rejea mume anaweza kumrudia mkewe ndani ya eda bila nikaha mpya. Na kwa sheria ya nchi, ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama; karatasi ya talaka peke yake inaacha kazi nusu. Kwa Mkatoliki, hata wakiwa wametengana miaka ishirini, kanisa bado linamhesabu ana mke mpaka mahakama ya kanisa itamke kwamba ndoa ile ilikuwa batili.

Uliza wanaojua, wachache

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo wa jadi unafuata upande wa mama. Mjomba ana sauti kuliko baba. Jambo hili linaeleza ukimya unaowaumiza wanawake wengi: mtoto ambaye mumeo alizaa kwingine alihesabiwa ni wa ukoo wa mama yake huko, na ndugu wa mume wakaona halikuwa neno lao kulileta kwako. Hawakukaa kikao kukudanganya. Ukilijua hilo utawaendea kwa adabu, na utapata jibu.

Kwa hiyo mtu wa kwanza ni mjomba wa mumeo au mama mkwe. Wifi aje baadaye, maana wifi na kaka yake hawafichani. Nenda mwenyewe, mchana, na kitu mkononi, kilo ya sukari inatosha. Msalimie, msaidie kazi aliyonayo, kama anabangua korosho kaa ubangue naye. Ukipata nafasi sema hivi:

"Mama, nimekuja kama mwanao. Nimesikia Baba Zuhura ana mtoto mkubwa Tandahimba. Sijaja kwa ugomvi. Nataka nijue, watoto wangu wasije wakakutana na ndugu yao ukubwani hawajuani."

Kisha nyamaza. Mama mkwe atakoroga majivu, atasema "maneno ya watu hayo", atauliza nani kakwambia. Usimtaje. Rudia tu kwamba unataka watoto wajuane. Hoja ya watoto ni ya kweli na kila mzee wa huku anaielewa, kwa sababu watoto wa baba mmoja wasiojuana kuchumbiana ni jambo linalotisha ukoo mzima. Wengi hufunguka hapo, au husema, "Muulize mwenyewe, ana la kukwambia." Hilo nalo ni jibu.

Watani nao husema. Kwenye misiba na sherehe mtani ana ruhusa ya kutamka yasiyotamkwa, na mara nyingi utani wake una ukweli ndani. Usimjibu hadharani, cheka na wenzako, mfuate baadaye.

Tangu gesi ya Mnazi Bay na kiwanda cha saruji cha Msijute vilipoleta wageni, Mtwara imejaa pia wanaume ambao kwao hakujulikani. Kama umeolewa na mtu wa mbali na hajawahi kukufikisha kwao, safari hiyo ndiyo hatua yako. Omba mwende pamoja, Pasaka au Idi, na watoto. Akitoa sababu mwaka baada ya mwaka, mpigie simu mzazi wake umsalimie. Asiyekuwa na hata namba ya mama mkwe wake aanzie hapo.

Watu wa kutowauliza ni watoto wako, bodaboda wake na mganga. Mtoto ukimtuma kupeleleza baba yake, hata ukipata jibu umemvunja yeye. Mganga naye atakutajia jina la mtu, pengine dada yako au jirani, na undugu utakufa kwa neno lisilo na ushahidi wowote.

Simu yake iache

Najua hapa wengi watanikatalia. Lakini kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila ruhusa kunaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ndoa siyo ruhusa. Zaidi ya sheria, simu hukupa vipande. Utaona "umefika salama?" na utalijaza usiku kucha. Na ukishikwa, mazungumzo yote yatakuwa kuhusu wewe kushika simu.

Angalia mali kabla haijasogea

Hapa fanya haraka. Mwenye familia mbili ana matumizi mawili, na msimu wa korosho ndio unaoonyesha. Kilo zilizopelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zina stakabadhi, na malipo ya mnada hupita benki. Uliza wazi kama mke wa nyumba: tumepeleka kilo ngapi, imelipwa bei gani, makato kiasi gani. Kama magunia mliyookota pamoja hayafanani na stakabadhi, inawezekana sehemu ilishauzwa kangomba mapema, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, na fedha ilikwenda mahali. Inaweza kuwa kwa mwanamke. Inaweza pia kuwa deni la mikopo ya kausha damu analoona aibu kulisema, na hilo hutokea sana, kwa hiyo usihukumu bado.

Nyumba mnayoishi kama familia haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kupangishwa na mume bila ridhaa yako, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake. Ukiwa na wasiwasi, weka zuio kwa msajili wa hati. Kwa ardhi ya kijiji, andikia halmashauri ya kijiji barua ukieleza kwamba hilo ni shamba la familia na unapinga lisihamishwe bila wewe. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mikorosho mliyoipanda na kuipulizia salfa pamoja ni jasho la wawili, na mahakama ikigawa mali huangalia mchango wa kila mmoja, pamoja na kazi za nyumbani.

Pima afya

Kama kuna uwezekano wowote wa mwanamke mwingine sasa hivi, nenda kituo cha afya upime VVU, kaswende na homa ya ini. Ukiwa mjamzito, usingoje siku moja. Majibu ni siri yako. Kama mumeo anatumia dawa za VVU na hakukwambia, mnaweza kwenda pamoja CTC, kliniki ya VVU, mkashauriwe. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Kaa naye

Kwanza usalama. Kama amewahi kukupiga au kukutishia, usimkabili mkiwa wawili. Iwe kwa mjomba wake au mbele ya wazee, watoto wakiwa wamelala kwa bibi yao, na nauli na cheti chako viwe kwa mtu. Dawati la Jinsia na Watoto liko vituo vya polisi, na namba 116 hupokea taarifa za ukatili bila malipo. Hakuna jibu linalostahili kuvunjwa mkono.

Kama hana hulka hiyo, chagua jioni ya kawaida, ameshakula, hajalewa, hakuna mgeni. Anza na ulichokwisha kijua, siyo na swali la mtego.

"Baba Zuhura, najua una mtoto Tandahimba. Sijui zaidi ya hapo, na sitaki kusikia kwa watu wengine. Nieleze mwenyewe."

Utakachokisikia kwanza huenda kikawa ukali: nani kakwambia, umeanza kunichunguza. Usimfuate huko. "Tutazungumza hilo kesho. Leo nataka habari ya mtoto." Kisha uliza yanayoweza kuhakikiwa: anaitwa nani, ana miaka mingapi, mama yake yuko wapi, mlioana au hamkuoana, ulimuacha vipi, mara ya mwisho umepeleka matunzo lini. Kwa nini alificha, liulize mwisho kabisa. Ukilianza, usiku utaishia kwenye hilo, na ukweli wa majina na tarehe hutaupata.

Msikilize pia. Wapo walioficha kwa aibu ya kifungo cha ujanani. Wapo waliozaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Mueda au Palma, wakabebwa mgongoni wakati wa vita, na wakazoea kusema wao ni wa Newala kwa kuogopa maneno ya uhamiaji. Siri ya namna hiyo isiwe fimbo yako siku mkigombana. Mkae na mwanasheria mtazame hali yake ya uraia kwa utulivu.

Asipojibu, mpe siku na umwambie utakachofanya: "Jumapili nitakwenda kwa mjomba." Na Jumapili nenda.

Ukishajua

Kama ndoa yenu ni ya mke mmoja na ya nyuma bado hai, yako ni batili kisheria, hata kama ulivaa shela mbele ya watu mia tano. Ni habari nzito, na usifanye uamuzi wiki hiyo. Watoto wako hawapotezi haki ya matunzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawalinda wote, wa ndani na wa nje ya ndoa. Kuhusu mali uliyochuma naye, mwone msaidizi wa kisheria wa kata au wilaya kabla hujasaini karatasi yoyote. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huduma hiyo ni bure kwa asiye na uwezo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza.

Kama ndoa yenu ni ya Kiislamu, na ya yule mwingine nayo ni ya Kiislamu na bado hai, basi kisheria nyote ni wake. Unaloweza kudai ni uadilifu: zamu, matunzo, na mali ya kila nyumba ijulikane. Andikeni mbele ya wazee na shehe, kila upande uwe na nakala. Neno la mdomo la msimu huu halifiki msimu ujao.

Ukiamua kuondoka, njia huanzia baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini yenu. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka bila hati hiyo. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Ukiamua kubaki, baraza hilohilo linaweza kuandika makubaliano yenu. Sioni aibu kwa anayebaki wala kwa anayeondoka. Ninachokipigania ni kwamba aamue akiwa na taarifa mkononi.

Mtoto wa upande wa pili

Huyu hakuficha kitu. Kama mumeo ana bima ya afya au mfuko wa hifadhi ya jamii kazini, mwambie aandikishe watoto wote, wa kwako na yule, kabla hajaugua mtu. Mtoto akiwa na cheti cha kuzaliwa kisicho na jina la baba, kirekebishwe sasa wakati baba yupo kuthibitisha.

Halafu waambieni watoto wenu. Baba ndiye aseme, wewe ukiwa umekaa hapohapo, kwa maneno machache: mna kaka yenu, anaitwa fulani, yuko Tandahimba kwa mama yake, yuko darasa la sita. Wataanza kuuliza kama anacheza mpira na kama atakuja likizo. Mjibu mlichokubaliana, na kama hamjakubaliana mseme kwamba bado mnapanga. Likizo ya kwanza mtoto huyo akija, apelekwe pia kwa bibi na kwa mjomba, atajwe kwa jina mbele ya ukoo.